Kupasua mbao nyumbani kwa msumeno wa duara: tengeneza msumeno kwanza, gogo baadaye

Ubao wa kwanza niliopasua ulikuwa na unene wa milimita 38 mwanzoni na 25 mwishoni. Nikalilaumu gogo, nikasema lina mafundo. Nikaleta gogo jingine lililonyooka kama mshumaa, mambo yakawa yaleyale. Nikailaumu injini. Siku ya tatu nilizima kila kitu, nikangoja msumeno usimame kabisa, nikavua mkanda wa injini unaouzungusha, kisha nikauwekea kiganja. Katikati ulikuwa wa moto wa kuunguza, huku kwenye meno ukiwa vuguvugu tu. Msumeno ulikuwa umeshaniambia ugonjwa wake tangu ubao wa kwanza, ila mimi sikuijua lugha yake.

Mwongozo huu nauandika ili wewe uijue mapema. Nazungumzia mashine ndogo ambayo msumeno wake umefungwa mahali pamoja na gogo hubebwa kwenye toroli linalopita juu ya reli. Ipo aina nyingine ambayo gogo hutulia chini na msumeno ndio unaotembea, ukilala na kusimama kwa zamu. Kwa aina hiyo, mengi ya haya kuhusu kunoa, joto na hesabu ya unene yanafaa vilevile, ila habari za toroli uziruke.

Kwanza: mahali na reli

Mashine ikae juu ya msingi usiotikisika, zege au magogo mazito yaliyofukiwa. Chukua pima maji, upime kwa marefu na kwa mapana. Kisha vuta uzi mwembamba kando ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho, uukaze mpaka ulie ukiugusa. Popote reli inapouacha uzi, ubao wako utapinda papo hapo. Toroli hufuata reli, gogo hufuata toroli, na msumeno hukata kinachopita mbele yake.

Sukuma toroli tupu kwa mkono. Liende bila kukwama na bila kuchezacheza pembeni. Magurudumu yenye mchezo wa milimita mbili hutoa mbao zenye makosa ya milimita mbili, hata kama msumeno wako ni mpya.

Pili: msumeno wenyewe

Hapa ndipo wanaoanza hukimbia, na hapa ndipo ninakuomba utumie siku nzima.

Msumeno mkubwa wa duara si sahani ya chuma tu. Fundi aliyeutengeneza ameugonga kwa nyundo sehemu ya katikati ili ulegee kidogo, kwa sababu unapozunguka kwa kasi ukingo hutanuka kwa nguvu ya mzunguko. Ukifika kwenye kasi uliyoandaliwa, hunyooka na kusimama imara. Ndiyo maana msumeno huandaliwa kwa idadi fulani ya mizunguko kwa dakika. Ukiuzungusha polepole kuliko hapo utayumba, na ukiuzidishia kasi unaweza kupasuka. Idadi hiyo mara nyingi huwa imegongwa kwenye chuma chenyewe. Isipokuwepo, peleka msumeno kwa fundi wa misumeno aupime, usikisie.

Kasi ya meno unaipata kwa hesabu rahisi: kipenyo kwa mita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 60. Msumeno wa mita 1.2 unaozunguka mara 600 kwa dakika, meno yake hukimbia kama mita 37.7 kwa sekunde. Kwa mwendo wa gari hiyo ni zaidi ya kilomita 135 kwa saa. Naitaja ili ujue kitu unachosimama karibu nacho.

Kabla ya kuufunga, ning'iniza msumeno kwenye kipande cha bomba au mti, uugonge taratibu kwa mpini wa mbao. Mzima hulia kama kengele. Ukitoa sauti ya bubu, tafuta ufa, na mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye makoo ya meno, yaani yale mabonde kati ya jino na jino. Safisha kila koo, utazame kwa tochi. Msumeno wenye ufa haufungwi kwenye mashine, hata ufa uwe mdogo kama unywele.

Sasa flenji, zile sahani mbili zinazoubana msumeno kwenye shafti, yaani mhimili unaouzungusha. Zinapaswa kugusa kwa ukingo wa nje tu, katikati kukiwa na mwanya. Chembe moja ya kutu au ya vumbi la mbao ikibaki hapo huupinda msumeno wote. Futa kwa kitambaa, pitisha kidole, halafu ubane. Ukishafunga, zungusha kwa mkono huku umeshikilia kipande cha mbao karibu na ukingo, uone kama mwanya unabadilika.

Shafti nayo isisogee kwenda kushoto wala kulia ndani ya beringi zake. Ishike, uvute na kusukuma. Ukisikia ikigonga, tengeneza kwanza.

Tatu: mwelekeo wa msumeno

Hili ndilo lililonitesa. Ungedhani msumeno unapaswa kuwa sambamba kabisa na reli. La. Upande wa mbele, pale meno yanapoingia kwenye gogo, unatakiwa kulielekea gogo kidogo sana, ili meno ya nyuma yasiuguse uso ambao tayari umekatwa. Kipimo cha zamani ambacho wapasuaji wengi bado wanaanzia ni milimita 3 kwa kila mita 6. Kwa msumeno wa mita 1.2 tofauti hiyo ni kama nusu milimita na kidogo.

Kuipima usitumie macho. Fanya hivi. Injini imezimwa na mkanda umevuliwa. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, ulilete mbele kwenye usawa wa kitanda cha toroli. Funga kijiti kigumu juu ya toroli, ncha yake ikaribie jino lile, uchukue bamba jembamba la kupimia uone mwanya ni kiasi gani. Kisha zungusha msumeno mpaka jino *lilelile* liwe nyuma, sogeza toroli hadi kijiti kifike hapo, upime tena. Ukitumia jino lilelile, kupinda kidogo kwa msumeno hakutakudanganya. Mwanya wa nyuma unapaswa kuwa mkubwa kuliko wa mbele kwa ile nusu milimita na kidogo. Wangu ulikuwa kinyume. Sehemu ya mbele ilikuwa inalikimbia gogo, kwa hiyo kila ubao ulianza mnene ukaishia mwembamba, na mwili wa msumeno ulikuwa unasuguana na gogo mpaka ukapata moto katikati.

Kanuni ya joto ni hii, iandike mahali utakapoiona. Msumeno ukipata moto katikati ilhali beringi ni baridi, uelekeze kwenye gogo kidogo zaidi. Ukipata moto ukingoni na katikati ni baridi, uelekeze nje kidogo. Kila mara uache upoe wenyewe kabla ya kuendelea, na usogeze kidogo sana, robo ya milimita kisha ujaribu.

Vipo pia vidole viwili vya kuongozea, kimoja kila upande wa msumeno, chini kidogo ya meno. Kazi yake ni kuuzuia usiyumbe unapoingia kwenye gogo. Acha mwanya wa unene wa karatasi kila upande. Vikibana, vyenyewe vitaupasha moto ukingo, nawe utahangaika na mwelekeo bure. Nyuma ya msumeno pawe na kisu cha kutenganishia, kinene kuliko mwili wa msumeno na chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, kishike mbao zisiubane msumeno. Kama mashine yako haina, kitengeneze kabla hujapasua lolote.

Nne: kunoa

Lete jino mbele ya mwanga na utazame makali yake. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona mstari mweupe unaong'aa kwenye ncha, huo ni mwanga unaorudi kutoka kwenye ubutu. Tazama hasa kona mbili za kila jino, kwa sababu kona ndizo zinazokata pembeni na ndizo huisha kwanza.

Noa uso wa mbele wa jino kwa tupa, mapigo sawa kwa kila jino, ukienda mbele tu na kuinua unaporudi. Shikilia tupa mraba kabisa. Ukiilaza upande mmoja, kona moja itakuwa ndefu kuliko mwenzake na msumeno wote utavutwa kwenda huko. Nilipoanza nilikuwa nasimama upande mmoja tu wa mashine, na mkono wangu una tabia ya kulalia kulia. Sasa naangalia kila jino kwa kipande kidogo cha pembe mraba. Kama meno yamebandikwa vipande vya chuma kigumu sana, tupa ya kawaida haiyawezi. Hayo yanataka jiwe la almasi.

Wapasuaji wengi hugusa meno kwa tupa baada ya saa chache za kazi, na mara moja wakigonga mchanga. Gome hubeba udongo, hasa gogo lililokokotwa. Suuza au chonga gome mahali msumeno utakapoingia, utaokoa makali mengi.

Tano: wewe unasimama wapi

Chora mstari kwa rangi ardhini, mbele na nyuma ya msumeno, ukifuata uso wake. Hapo hasimami mtu, iwe mashine inalia au inazimika. Jino likichomoka au kipande kikinaswa, huruka kwenye mstari huo.

Meno ya mbele hushuka, ya nyuma hupanda. Kwa hiyo ubao, fito au kipande cha gome kikigusa meno ya nyuma huinuliwa, hupitishwa juu ya msumeno na kutupwa mbele, yaani kwako. Ndiyo maana ubao uliokatwa huondolewa kabla toroli halijarudi, na ndiyo maana gogo husogezwa nyuma kidogo kutoka kwenye msumeno kabla ya kulirudisha. Anayepokea mbao nyuma asimame pembeni, asivute ubao ambao bado uko kwenye meno.

Usivae glavu karibu na msumeno. Glavu ni za kuviringisha magogo. Mikono ya shati iwe imebana, hakuna kamba wala shali shingoni. Vaa miwani ya kinga na vizibo vya masikio, kwani kelele ya mashine hizi huharibu masikio polepole bila maumivu. Vaa barakoa pia. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi lililojaa chini ya msumeno ondoa mashine ikiwa imesimama, kwa koleo lenye mpini mrefu. Mikanda na pulei zifunikwe. Swichi ya kuzimia iwe mahali unapoweza kuifikia bila kupita mbele ya msumeno, na anayekusaidia aijue.

Na usifanye kazi hii peke yako, wala ukiwa umechoka. Ukiweza, kaa siku mbili tatu pembeni ya mpasuaji mzoefu kabla hujagusa toroli lako.

Sita: gogo la kuanzia

Anza na gogo laini, lililonyooka, lenye kipenyo cha sentimita 25 hadi 30 na urefu wa mita 2 au 2.5. Gogo lililopinda likate vipande vifupi, kwani mkunjo hupungua kadiri urefu unavyopungua.

Kisha tafuta chuma. Miti iliyokua karibu na nyumba, ua au njia imepigwa misumari na kufungwa waya, na mti huvimeza vitu hivyo hadi usione kitu nje. Tazama vichwa vya gogo. Ukiona doa la bluu iliyoiva kuelekea nyeusi, hiyo ni tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mti, iliyokutana na chuma. Mimi nililiona doa hilo, nikalidhania ukungu. Msumari mmoja ulinivunjia meno manne kwa kufumba na kufumbua, na kipande kikazama kwenye nguzo ya banda kwenye usawa wa kifua. Kifaa cha kutambua chuma, hata kidogo cha mkononi, ni fedha iliyotumika vizuri.

Saba: kupasua

Washa mashine bila gogo kwa dakika kumi. Zima, gusa beringi. Vuguvugu ni sawa, moto si sawa.

Pandisha gogo kwenye toroli kwa ndoano ya kugeuzia, liegemee vizuri, na makucha yalishike pande zote mbili. Ukilisukuma kwa mkono lisitikisike hata kidogo. Mkato wa kwanza unatoa banzi tu, ule upande wenye gome. Chukua banzi jembamba, upate uso bapa wa upana wa sentimita 10 hadi 12. Ukitaka uso mpana mara moja utakuwa umetupa mbao nzuri.

Acha msumeno ufikie kasi yake kamili ndipo usogeze toroli. Ingia polepole mpaka meno yamekwisha kushika, kisha ongeza. Hapa wengi hukosea kwa woga. Wanasukuma taratibu wakidhani wanaupunguzia msumeno kazi, kumbe wanauumiza. Jino likichukua kidogo mno hutoa unga laini, nao hupenya pembeni kati ya msumeno na mbao, ukasugua, ukapasha moto. Jino linatakiwa kung'ata. Chukua vumbi mkononi. Likiwa chenga chenga unazoweza kuzihisi kati ya vidole, mwendo ni mzuri. Likiwa laini kama unga, ama unasukuma polepole mno ama meno ni butu.

Kipimo: msumeno wa meno 24 unaozunguka mara 500 kwa dakika, kila jino liking'ata milimita 2, unakula mita 24 kwa dakika. Gogo la mita 2 ni sekunde 5. Injini ndogo haiwezi hivyo kwenye gogo nene, na dawa yake ni msumeno wenye meno machache zaidi ili kila jino liendelee kung'ata ingawa mwendo umepungua. Sikiliza injini. Sauti ikishuka, punguza kusukuma, usisimame katikati ya gogo. Msumeno ukianza kuyumba au kunuka moshi, punguza mwendo, zima, ungoje usimame, ndipo ulitoe gogo.

Baada ya banzi la kwanza, geuza gogo robo mzunguko ili uso bapa ulale kitandani. Mkato wa pili utakuwa mraba na wa kwanza bila kupima, mradi msumeno uko wima juu ya kitanda. Endelea hivyo mpaka una boriti ya pande nne, au acha upande mmoja na gome ukitaka.

Sasa mbao. Usizitoe zote upande mmoja. Mti ukiwa hai hujivuta na kujisukuma ndani yake, na ukiondoa upande mmoja ule mwingine hupinda. Baada ya kila ubao tazama kati ya boriti na maegemeo yake, yaani nguzo za toroli inazoziegemea. Ukiona mwanga katikati au kwenye ncha, boriti imeanza kupinda. Igeuze nusu mzunguko, utoe upande wa pili, kiini kibaki katikati hadi mwisho. Sehemu yenye kiini hupasuka ikikauka, kwa hiyo iache iwe nguzo au mti mnene badala ya mbao nyembamba.

Nane: hesabu ya unene

Njia ya msumeno nayo hula mti. Pima yako kwa kukata nusu ya kipande na kupima mwanya. Tuseme ni milimita 6, na unataka mbao ambazo zikikauka na kupigwa randa zibaki karibu na milimita 25. Pasua milimita 28. Kila ubao unasogeza boriti 28 na 6, yaani 34. Boriti ya milimita 200 itatoa mbao 6: sita mara 28 ni 168, njia tano za msumeno ni 30, jumla 198.

Hesabu kutoka kwenye maegemeo kuja nje, ili ubao wa mwisho uwe na unene kamili na baki liishie kwenye banzi la kwanza. Nilikuwa nikihesabu kutoka nje, na kila gogo likaniachia mwishoni ubao wa milimita 15 usio na kazi.

Pima ubao wa kwanza sehemu tatu, kila ncha na katikati. Ncha zikitofautiana, rudi kwenye mwelekeo na reli. Katikati ikiwa tofauti na ncha, boriti imepinda au makucha yamelegea. Ubao ukiwa na mawimbi, msumeno ni butu, umepata moto, au kasi yake si ile uliyoandaliwa.

Mwisho: kuzipanga

Mbao mbichi zipange siku hiyohiyo. Weka chini matofali au magogo yaliyosawazishwa, juu yake mbao, kila safu ikitenganishwa na fito kavu za milimita 20 hadi 25, kila sentimita 40 au 50. Fito za safu zote zisimame mstari mmoja kutoka chini hadi juu, la sivyo mbao zitakauka zikiwa na mawimbi. Paka vichwa vya mbao rangi nzito au nta, kwani maji hutoka kwenye vichwa haraka kuliko kwenye uso, na hapo ndipo nyufa huanzia. Weka uzito juu, paa la kuzuia mvua na jua, na kuta ziwe wazi upepo upite.